Walitabiri radi, wakaja mchwa

Ukitaka kumnyamazisha mchumi wa Uingereza, mkumbushe Julai 2016. Mwezi mmoja nyuma, tarehe 23 Juni, Waingereza walikuwa wamepiga kura ya maoni, na asilimia 51.9 ya waliopiga kura wakachagua kujitoa katika Umoja wa Ulaya, hatua iliyopewa jina la Brexit. Wakati wa kampeni Wizara ya Fedha, ambayo wao huiita Hazina, ilikuwa imeonya kwamba kura hiyo peke yake, hata kabla nchi haijatoka, ingeutumbukiza uchumi katika mdororo wa mwaka mzima na kuwaachisha kazi watu nusu milioni. Julai ikafika, watu wakaendelea kununua, waajiri wakaendelea kuajiri. Mwaka ukaisha uchumi ukiwa bado unakua. Mwaka uliofuata ukosefu wa ajira ulishuka hadi asilimia 4.3, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1975.

Kwa hiyo wanaosema kwamba wataalamu waliwatisha watu bure wana ushahidi mkononi. Wanaosema kwamba wataalamu waliona mbali nao wanao. Wote wanazungumzia wataalamu walewale, ila si maonyo yaleyale. Ukishayatenga maonyo hayo katika mafungu yake mawili, la radi inayopiga ghafla na la mchwa wanaotafuna polepole, sehemu kubwa ya ubishi wa miaka hii kumi inaanza kueleweka.

Hazina ilitoa nyaraka mbili. Ile ya Mei 2016, iliyohusu miezi ya mwanzo baada ya kura, ndiyo iliyobeba radi. Lakini mwezi mmoja kabla yake ilitoka nyingine iliyotazama muda mrefu. Hiyo ilisema kwamba ifikapo 2030, iwapo Uingereza itatoka kwa mkataba wa biashara unaofanana na ule wa Canada, uchumi wake utakuwa mdogo kwa asilimia 6.2 kuliko ambavyo ungekuwa kama ingebaki. Dai hilo lataka kusomwa polepole. Halisemi kwamba uchumi utasinyaa. Linasema utakua, ila kwa mwendo wa chini, na pengo litapanuka kidogo kidogo kati ya nchi iliyotoka na nchi iliyobaki. Tatizo ni kwamba hiyo iliyobaki haipo popote duniani mtu akaenda kuitazama.

Kisha Hazina ikajiharibia yenyewe. Ilichukua pengo hilo, ikaligawa kwa idadi ya kaya, ikatangaza kwamba kila kaya ingepoteza pauni 4,300 kwa mwaka. Pato la taifa si mshahara wa mtu, na mgawanyo wa namna hiyo ulikuwa wa kampeni kuliko wa uchumi. Wakosoaji waliusema hivyo, nao hawakukosea. Alipoongezea Waziri wa Fedha George Osborne kwamba ushindi wa upande wa kutoka ungemlazimisha kuleta bajeti ya dharura ya pauni bilioni 30 za kodi mpya na za kupunguza matumizi ya serikali, wengi waliona wanatishwa, na mtu anayetishwa hasikilizi tena hata lile la kweli.

Mbona radi haikupiga? Hesabu ya Mei ilijengwa juu ya dhana kadhaa ambazo ziliporomoka zenyewe. Ilidhani serikali ingeanzisha mchakato wa kutoka mara moja. Haikufanya hivyo mpaka tarehe 29 Machi 2017. Ilidhani pia kwamba hakuna mtu angeingilia kati kuupoza uchumi, ilhali Agosti 2016 Benki Kuu ya Uingereza ilishusha riba kutoka asilimia 0.5 hadi 0.25 na kumwaga fedha sokoni. Na ilidhani watu wangeingiwa na hofu. Nusu yao walikuwa wamepata walichokitaka! Waliopata walichokitaka hawafungi pochi.

Zaidi ya yote, hakuna kilichobadilika. Uingereza ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, lakini iliendelea kufuata kanuni za Umoja wa Ulaya kwa kipindi cha mpito hadi tarehe 31 Desemba mwaka huo. Kwa miaka minne na nusu baada ya kura, lori lililotoka Birmingham kwenda Brussels lilipita kama lilivyopita zamani. Anayeuliza mwaka 2018 "mbona hakijatokea kitu?" ni kama anayelaumu dawa kabla hajaimeza.

Kitu kimoja kilitokea papo hapo. Usiku wa kuhesabu kura pauni ilianguka kutoka karibu dola 1.50 hadi dola 1.32 kufikia asubuhi, chini kuliko wakati wowote tangu 1985. Nchi inayoagiza sehemu kubwa ya chakula chake kutoka nje haiwezi kupata pigo hilo isilione kwenye bei, na mfumuko ukafuata mwaka 2017. Hilo lilikuwa limetabiriwa, tena na karibu kila mtu.

Tuseme ukweli kuhusu masikio yaliyoziba. Tarehe 3 Juni 2016 Michael Gove, mmoja wa viongozi wa kampeni ya kutoka, alisema kwenye televisheni kwamba watu wa nchi hiyo wamechoshwa na wataalamu wa mashirika yenye vifupisho vya majina, wanaojifanya wanajua kilicho bora huku wakikosea kila mara. Kauli hiyo ilichekwa sana na wasomi. Lakini ilipata mahali pa kushika. Wachumi wale wale hawakuona msukosuko wa fedha wa 2008 ukija, na baadhi yao miaka ya nyuma walikuwa wameihimiza Uingereza iingie kwenye sarafu ya euro. Januari 2017 mchumi mkuu wa Benki Kuu, Andy Haldane, alikiri hadharani kwamba taaluma yake imo katika namna fulani ya msukosuko: ilishindwa kuiona 2008, na imekosea kuhusu miezi ya kwanza baada ya kura. Ungamo hilo lilikuwa la haki. Kwa bahati mbaya lilichukuliwa kuwa ungamo la kila kitu, na onyo la mchwa likazikwa kaburi moja na onyo la radi.

Sasa tuingie kwenye mchwa wenyewe.

Wengi hudhani jumuiya ya biashara ni kufutiana ushuru tu. Kama ingekuwa hivyo, kutoka kwa Uingereza kusingeuma sana, kwa sababu mkataba uliofungwa mkesha wa Krismasi wa 2020 uliacha ushuru wa bidhaa katika sifuri. Gharama kubwa haiko kwenye ushuru. Iko kwenye uthibitisho. Ndani ya soko la pamoja mnunuzi wa Lyon anaamini kwamba jibini ya Kiingereza ni salama kwa sababu sheria ni moja, mahakama ni moja na wakaguzi wanatambuana. Ukitoka, jibini ni ileile na ng'ombe ni walewale, ila kila shehena lazima ijithibitishe upya: tamko la forodha, cheti cha afya kilichosainiwa na daktari wa mifugo, taarifa iliyotumwa mapema, na pengine ukaguzi bandarini. Mamlaka ya mapato ya Uingereza ilikadiria mapema kwamba matamko ya forodha yangewagharimu wafanyabiashara wake kama pauni bilioni 7.5 kwa mwaka.

Januari 2021 televisheni ya Uholanzi ilionyesha maofisa wa forodha wakiwapokonya madereva waliotoka Uingereza mikate yao yenye nyama. Dereva mmoja aliuliza kama anaweza kuwaachia nyama abaki na mkate. La, akajibiwa, vyote vinachukuliwa. Karibu kwenye Brexit, bwana. Dunia ilicheka. Lakini ofisa yule hakuwa na chuki wala hakubuni sheria. Marufuku ya kuingiza nyama na maziwa mfukoni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya ilikuwepo siku zote, na Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoitunga. Kilichobadilika ni upande wa mlango ambao dereva alikuwa amesimama.

Wavuvi walilipata vibaya zaidi. Chaza na kome waliovunwa katika maji yasiyo ya daraja la juu kabisa sasa walitakiwa wasafishwe kabla ya kuingia Ulaya, na sehemu kubwa ya maji ya Wales na kusini-magharibi mwa England ni ya namna hiyo. Biashara hiyo ilikatika kama uzi. Waliouza samaki freshi kutoka Scotland waliona makaratasi yakichukua siku nzima wakati mzigo wao una uhai wa siku chache, na tarehe 18 Januari 2021 malori yao yalijipanga karibu na ofisi ya waziri mkuu jijini London kulalamika. Wengi katika sekta hiyo walikuwa wamepigia kura kutoka. Silitaji kuwasimanga. Waliahidiwa bahari, na hakuna aliyewaeleza vya kutosha kwamba samaki akishavuliwa lazima auzwe, na mnunuzi wake yuko ng'ambo.

Halafu kuna kanuni za uasili wa bidhaa, ambazo kwa maoni yangu ndizo hazikueleweka kabisa wakati wa kampeni. Ushuru sifuri ni wa bidhaa zilizotengenezwa Uingereza au Ulaya kwa kiwango kilichotajwa. Sasa chukua peremende zilizotengenezwa Ujerumani, zikaletwa kwenye ghala Uingereza, kisha zikapelekwa dukani Ireland. Hazikuguswa na mtu njiani, na zimezaliwa ndani ya Umoja wa Ulaya, lakini zinaporudi huko zinaweza kudaiwa ushuru, kwa kuwa hazikusindikwa Uingereza kiasi cha kuhesabiwa za huko. Kampuni ya Marks & Spencer ilijikuta katika fumbo hilo hasa wiki za kwanza za 2021. Kampuni kubwa kama hiyo huajiri mawakala, hubadili ghala, maisha yakaendelea. Mdogo hafanyi hivyo. Watafiti wa London School of Economics waliofuatilia kumbukumbu za forodha walikuta kwamba kampuni zipatazo 16,400 ziliacha kabisa kuuza Ulaya, karibu asilimia 14 ya zilizokuwa zikiuza huko. Kampuni ya watu sita inayotengeneza sabuni haitangazi kufilisika. Inaacha tu kupokea oda kutoka Ubelgiji, na hakuna gazeti linaloandika.

Hapo ndipo methali ya mkuu na guu inapomjia mtu mdomoni. Kwa Uingereza haikai sawasawa: guu halikuvunjika. Nchi inatembea, ila inachechemea, na mwenye kuchechema miaka mingi huzoea akadhani ndio mwendo wake.

Tunajuaje, basi, kwamba inachechemea kwa sababu hii na si nyingine? Swali ni la haki, maana mkataba ulianza katikati ya janga la korona, na mwaka mmoja baadaye vita vya Ukraine vikapandisha bei ya nishati. Wachumi hujaribu kulijibu kwa kutengeneza pacha wa kubuni. Wanachukua nchi kadhaa tajiri ambazo uchumi wake ulikwenda sambamba na wa Uingereza kwa miaka mingi kabla ya 2016, wanazichanganya kwa uzito tofauti mpaka mchanganyiko huo unafanana na Uingereza kama kivuli na mtu, kisha wanauacha uendelee baada ya kura. Nchi hizo nazo zilipata korona na zilipata bei za nishati. Kinachobaki kati ya pacha na Uingereza halisi ndicho kinachohesabiwa kuwa bei ya kutoka. Njia hiyo ina wapinzani wake, kwa sababu ukichagua nchi tofauti unapata jibu tofauti kidogo, na si vibaya kulishika jibu lolote kwa vidole viwili.

Hata hivyo majibu yanaelekea upande mmoja. Ofisi ya Uwajibikaji wa Bajeti, chombo huru kinachokagua hesabu za serikali ya Uingereza, kwa miaka imeshikilia kwamba tija ya nchi itakuwa chini kwa asilimia 4 katika muda mrefu. Mwishoni mwa 2025 kundi la wachumi akiwemo Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford lilichanganya njia ya kulinganisha nchi na taarifa za makampuni yenyewe, likafikia kwamba kufikia 2025 pato la taifa lilikuwa limepungua kwa asilimia 6 hadi 8 kulinganisha na ambavyo lingekuwa, na uwekezaji kwa asilimia 12 hadi 18. Wakarudi pia kuyapima maonyo ya 2016. Kwa miaka mitano ya kwanza, walisema, utabiri wa wachumi wa wakati ule ulikuwa karibu na ukweli. Kwa miaka kumi ulikuwa mdogo mno. Wataalamu waliodharauliwa kwa kutia chumvi walikuwa wameweka pungufu.

Sehemu ya uwekezaji ndiyo inayofaa kukaa nayo kidogo, maana mchwa walianza kazi humo mapema, hata kabla ya forodha. Baada ya 2016 uwekezaji wa makampuni ulisimama mahali pamoja kwa miaka. Mkurugenzi anayetaka kujenga kiwanda cha kudumu miaka thelathini anahitaji kujua atauza wapi, na kwa masharti gani. Kati ya 2016 na 2020 hakuna aliyeweza kumjibu. Theresa May, waziri mkuu wa wakati huo, alisema Januari 2017 kwamba nchi ingetoka katika soko la pamoja na pia umoja wa forodha. Bunge likamkatalia mkataba wake mara tatu mwaka 2019. Tarehe ya kutoka ikasogezwa na kusogezwa tena. Kiwanda ambacho hakikujengwa hakina mlango wa kufungwa wala wafanyakazi wa kuandamana.

Onyo jingine halikuwa la fedha. Tarehe 9 Juni 2016 mawaziri wakuu wawili wa zamani waliowahi kuwa mahasimu, John Major na Tony Blair, walikwenda pamoja Ireland Kaskazini kusema kwamba kutoka kungeweka amani ya huko rehani. Hawakusikilizwa sana, England haikuwa ikiifikiria Ireland. Ukitazama hoja yao utaona ni hesabu ya kawaida tu. Uingereza ilitaka kutoka katika soko la pamoja na umoja wa forodha. Ilitaka pia, kwa ajili ya mkataba wa amani wa huko, Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998, kusiwe na vizuizi kwenye mpaka wa karibu kilomita 500 kati ya Ireland Kaskazini na Jamhuri ya Ireland. Na ilitaka kusiwe na ukaguzi kati ya Ireland Kaskazini na sehemu nyingine za Uingereza. Mawili kati ya hayo yanawezekana kwa pamoja. Matatu hayawezekani, kwa sababu sheria za bidhaa zikitofautiana lazima pawe na mahali pa kukagua.

Boris Johnson, aliyemrithi May, alichagua kuliacha la tatu, mpaka ukahamia baharini, na mwaka 2020 bado alisema mpaka huo ungewekwa labda juu ya maiti yake. Chama kikubwa cha wanaoutaka muungano na London kilijiondoa katika serikali ya Ireland Kaskazini Februari 2022, na eneo hilo likakaa bila serikali yake kwa miaka miwili. Makubaliano ya Windsor ya Februari 2023 yalirahisisha mambo kwa kutenga njia ya kijani kwa bidhaa zinazobaki huko na njia nyekundu kwa zinazoelekea Jamhuri. Mpaka wa baharini umebaki.

Hata huku kwetu mawimbi yalifika. Kenya ilikuwa ikiuza maua na mboga Uingereza bila ushuru kupitia mipango ya Umoja wa Ulaya, na mwisho wa 2020 mlango huo ungefungwa. Wenzake wa Afrika Mashariki walilindwa na nafuu inayotolewa kwa nchi maskini zaidi. Kenya haikuwa katika orodha hiyo. Ndiyo maana tarehe 8 Desemba 2020 ilitia saini mkataba wake na London, wiki tatu kabla ya muda kuisha.

Nisiwapambe wataalamu kupita kiasi. Walisema jiji la London lingeweza kupoteza hadi nafasi 75,000 za kazi za fedha. Zilizohamishwa zimehesabiwa kuwa kama 7,000. Mauzo ya huduma za Uingereza nje yamekwenda vizuri kuliko walivyodhani wengi. Na mwaka 2025, Marekani ilipowapandishia watu ushuru, Uingereza ilipangiwa asilimia 10 kwa bidhaa nyingi, Umoja wa Ulaya ukaishia 15. Hiyo ilikuwa faida halisi ya kuwa peke yako.

Ila wenye ahadi nao wapimwe kwa mizani hiyohiyo. Pauni milioni 350 kwa wiki, ambazo ubavuni mwa basi la kampeni ya kutoka ziliandikwa kuwa ndizo Uingereza inazotuma Umoja wa Ulaya, zilikuwa na kasoro iliyosemwa na mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo wakati uleule: hazikuondoa punguzo ambalo Uingereza haikuwahi kulituma. Liam Fox, waziri wa biashara, alitamka 2017 kwamba mkataba na Ulaya ungepaswa kuwa miongoni mwa iliyo rahisi kuliko yote katika historia ya binadamu, miezi michache baada ya Ivan Rogers, balozi wa Uingereza katika Umoja wa Ulaya, aliyekuwa ameitahadharisha serikali kwamba kazi hiyo ingeweza kuchukua miaka kumi, kujiuzulu. Mkataba na Australia, ushindi wa mfano wa sera mpya, ulikadiriwa na serikali yenyewe kuongeza pato la taifa kwa asilimia 0.08 katika muda mrefu. Waliotaka wahamiaji wapungue waliona idadi ya wanaoingia ikizidi wanaotoka kwa zaidi ya 900,000 katika mwaka mmoja uliofikia katikati ya 2023.

Tarehe 19 Mei 2025 serikali ya Keir Starmer na Umoja wa Ulaya zilikubaliana kimsingi kuondoa sehemu kubwa ya ukaguzi wa vyakula na mimea. Sharti ni kwamba Uingereza ifuate kanuni za Ulaya za sekta hiyo, na kuzifuata kila zinapobadilika, bila kuwa na kura katika chumba zinakotungwa. Huko Portsmouth bandari ilijenga kituo cha ukaguzi kwa pauni milioni 25 ili kiwe tayari kwa forodha mpya. Serikali iliahirisha ukaguzi wa bidhaa zinazoingia mara tano, ukaanza 2024, tena kwa kiasi kidogo kuliko kituo kilivyopimiwa. Makubaliano ya 2025 yakikamilika, kituo kile hakitakuwa na kazi.